Jioni niliyosimamishwa upya mezani

Mei 2, 2016 mji wa Leicester ulipata sherehe mbili kwa mpigo. Usiku huohuo Leicester City walithibitishwa kuwa mabingwa wa Ligi Kuu ya England, na kule Sheffield Mark Selby, mtoto wa Leicester, akamfunga Ding Junhui 18-14 na kutwaa ubingwa wa dunia wa snuka, mchezo wa kutumbukiza mipira mashimoni kwa fimbo. Baada ya hapo kupata meza ilikuwa shughuli. Hata watu ambao hawajawahi kushika fimbo walionekana wanapaka chaki.

Mimi fimbo niliijua. Nimekulia Temeke, na pool nilijifunzia baa ya jirani, ile ya aliyefungwa analipa na mshindi anabaki mezani. Nilikuwa nabaki sana. Lakini meza ya snuka haina undugu na ya baa. Urefu wake futi 12, upana futi 6, mpira una kipenyo cha milimita 52.5, na midomo ya mashimo imeviringwa, kwa hiyo mpira ukigusa pembeni kidogo tu unatemwa. Kwenye baa mkono ukiyumba shimo linakusitiri. Leicester hakuna aliyenisitiri.

Jioni moja ya mwezi ule nilikuwa peke yangu meza ya pembeni, nasubiri muda wa zamu ya usiku ghalani. Nikakosa mpira mwekundu wa mbali, tena vibaya, nikaropoka kwa Kiswahili maneno ambayo siyaandiki hapa. Nyuma yangu ikasikika sauti: "Mpira hauna kosa, bwana mdogo. Ni miguu hiyo."

Nikageuka. Alikuwa mzee wa Kihindi, sweta la kijivu, kikombe cha chai mkononi, ambaye nilizoea kumwona anakaa karibu na kaunta akiangalia watu wakicheza. Shikamoo ikanitoka yenyewe. "Marahaba," akajibu, akacheka. Kumbe mzaliwa wa Mwanza, baba yake alikuwa na duka huko, wakahamia Uingereza yeye akiwa kijana.

Hakuuliza kama nataka kufundishwa. Aliondoa mipira yote, akauweka ule mweupe, unaopigwa na fimbo, kwenye alama ya mpira wa kahawia. "Upige unyooke. Upite juu ya alama ya bluu, ya waridi, ya mweusi, ugonge ukingo wa juu, urudi ukuguse ncha ya fimbo."

Nikaona ni mchezo wa watoto. Nikapiga. Ulikwenda umenyooka kabisa, ukagonga ukingo, halafu ukarudi ukikimbilia kulia, ukanipita mbali. Nikarudia, kulia tena. Nikapunguza nguvu, kulia vilevile.

"Unaugonga upande wa kulia wakati unaamini unaugonga katikati," akasema. "Mkono wako unazunguka kitu. Unazunguka nini?" Akaweka kidole kwenye nyonga yangu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umetoka nje mno, nyonga imeingia kwenye njia ya fimbo, na kiwiko kinalazimika kutanuka ili fimbo ipite. "Umesimama kama mtu anayempisha mgeni mlangoni."

Kabla hajaigusa miguu, akanipima macho. Nilinyoosha mkono, nikalielekezea dole gumba taa ya meza ya mbali, nikafumba jicho moja kisha lingine. Nilipofumba la kushoto, taa ikahama. Kumbe bwana mkubwa ni jicho la kushoto, na miaka yote nilikuwa nailaza fimbo chini ya la kulia. Nikadhani ni kilema. Mzee akaniambia Joe Davis, aliyekuwa bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946, jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni, akacheza maisha yake yote fimbo ikiwa chini ya la kushoto. Alimtaja kwa heshima ambayo Selby, na picha zake zote zilizobandikwa ukutani, hakuipata kwake.

Kisha ikaja kazi yenyewe. Simama nyuma ya mpira, utazame mstari ukiwa wima. Weka mguu wa kulia juu ya mstari huo, kidole kimegeuka nje kidogo, goti limenyooka. Wa kushoto uende mbele, goti likunjwe. Ndipo ushuke, kidevu kiguse fimbo, nayo iguse kifua, kiwiko kining'inie. Mkono wa nyuma ushike kwa ulegevu, vidole tu. Nilipokwenda chini msuli wa nyuma ya paja ukalia, na shingo ikalia zaidi, maana kuutazama mpira wa mbali huku kidevu kimelala kwenye fimbo ni kama adhabu. "Sasa usiguse kitu kingine," akasema. "Mkono tutaushughulikia siku nyingine."

Wako wanaoanza na mkono: rudisha taratibu, tua kidogo, sukuma. Mimi nasimama na mzee. Mkono ulionyooka juu ya miguu iliyopinda utajifunza kupinda tu.

Mweupe ukaanza kurudi. Kwanza ukanipita karibu, baadaye ukagonga ncha, halafu ukakimbia tena kulia kwa sababu nilifurahi nikainua kichwa. Lakini mchezo wenyewe uliharibika vibaya sana. Hadi katikati ya kiangazi nilifungwa na watu niliokuwa nawafunga usingizini, na wenzangu wa ghalani wakashikilia kwamba mzee kaniloga. Kila nilipobanwa, mguu ulitoka nje wenyewe.

Jioni ile haikuishia kwa ushindi wowote. Kule meza hukodishwa kwa saa, na taa iliyo juu yake huzimwa muda ukiisha. Yetu ilizimika nikiwa chini kabisa, kidevu kwenye fimbo. Nikasema basi, nishukuru Mungu, nipumzishe shingo.

"Zamu yako inaanza saa ngapi?" mzee akauliza.

"Saa nne."

"Bado mapema. Nenda kaunta ukalipe saa nyingine. Na ukipita, niletee chai, sukari mbili."