Nilivyojifunza kutazama picha inayokimbia

Nimekulia Buguruni, na filamu nimezijulia kwenye kibanda umiza. Unalipa kiingilio, unabanana na wenzako kwenye benchi, na hata kama picha ni ya Kihindi au ya Kichina, sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, inakueleza nani steringi, nani adui na kwa nini yule mama analia. Kwa hiyo mwaka wa pili chuoni, mwalimu wetu wa sanaa alipozima taa na kutuwekea Vertical Roll, nilikaa nikisubiri kuelezwa.

Hakuna aliyenieleza. Video ile ni ya Mmarekani Joan Jonas, ya mwaka 1972, nyeusi na nyeupe, dakika kama 20. Picha haitulii hata kidogo. Inakimbia, mstari mweusi mnene unapita, picha inaanza tena, mstari tena. Kijiko kinagongwa, ko, ko, ko. Unaona miguu inaruka, mkono unapiga, mwanamke amevaa kinyago, na kabla hujamwona vizuri mstari umeshampitia. Mwenzetu aliyekuwa karibu na projekta aliinuka kushika waya akidhani umelegea. Mwalimu akamwambia, "Uache, ndivyo ilivyo."

Dakika ya tano kichwa kikaanza kuniuma. Ningechoka tu ingekuwa afadhali, lakini nilikasirika. Nilijihisi kama mtu anayegongewa mlango usiku wa manane na mgongaji hataki kusema shida yake. Tuliporuhusiwa kutoka tulipewa kazi ya kurasa mbili: tusieleze maana, tuandike tulichokiona na kilichotupata wakati tunakiona. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa neno "usumbufu", basi.

Jumamosi nikairudia nyumbani kwenye laptop. Safari hii niliamua nisitafute hadithi. Nikachukua kalamu nikawa nagonga meza kila kijiko kilipolia, na kila mstari ulipopita nikaweka alama kwenye daftari. Ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Mikono ilipopata kazi, hasira ilipungua, nikaanza kuona kwamba yule mwanamke naye anahesabu. Anaruka pale mstari unapofika, kama watoto wanavyoruka kamba.

"Nani anagonga humo ndani?" Baba aliingia na bisibisi mkononi. Yeye ni fundi redio na TV. TV za chogo amezitengeneza tangu ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, hadi analojia ilipozimwa hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012 na watu wakaanza kuhangaikia ving'amuzi. Alisimama nyuma yangu kama dakika nzima. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe ubavuni mwa laptop, kama anayetaka kuipiga kofi.

"Mama, hiyo vatiko imelegea."

Nikamwambia msanii amefanya makusudi. Akavuta kiti. Alinieleza kwamba TV ya zamani ilichora picha kwa mistari, mmoja chini ya mwingine. Kwetu ilikuwa mistari 625, mara 25 kwa sekunde, na Marekani 525. Picha moja ikiisha, kwenye mawimbi inakuja alama ya kuiambia TV irudi juu ianze nyingine. TV isipoifuata alama hiyo sawasawa, picha inaanzia pasipo pake, nayo inakimbia; ndiyo vatiko kulegea.

"Na huo mstari mweusi hajauongeza," alisema. "Upo siku zote kati ya picha na picha. TV ikiwa nzima inauficha."

Hapo nikakumbuka kitu nilichokuwa sijakifikiria kwa miaka. Nina miaka sita au saba, tumekaa mkekani na majirani, baba yuko nyuma ya TV anazungusha kitufe. "Imetulia?" Sisi sote, "Bado!" "Na sasa?" "Bado!" Kumbe kule darasani nilikuwa bado nipo kwenye ule mkeka, nasubiri mtu azungushe kitufe. Joan Jonas amekataa kukizungusha, akaingia mwenyewe ndani ya ule ubovu akaufanya ngoma yake. Niliandika ukurasa mzima kuhusu mkeka, na nilipoumaliza macho yalikuwa yamenilowa.

Jumanne tulitazama video nyingine, The Reflecting Pool ya Bill Viola, dakika 7. Mwanamume anaruka juu ya bwawa na kuganda hewani, huku maji chini yake yakiendelea kuchezacheza. Darasa lilinung'unika. Mimi nikaacha kumtazama mtu, nikayatazama maji, na dakika 7 zikaisha nikitamani nyingine.

Alhamisi usiku, kazi ikitakiwa kesho yake, baba akaniuliza, "Yule mama wa kijiko yupo?" Tukaitazama pamoja mpaka mwisho, pale uso wa Jonas unapotokea karibu kabisa, umetulia. Nilikuwa nimeandika kwamba amemaliza kucheza na sasa amepumzika. Baba akaniambia nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akaniambia tena.

"Mstari unapita nyuma yake," alisema. "Haumkati uso. Hayumo kwenye TV huyu, kakaa mbele yake. Kamera ilikuwa inaipiga picha TV, yeye akaingia katikati."

Nilikuwa nimeitazama mara tatu na sikuliona hilo. Nilichana ukurasa wa pili, nikauandika upya huku baba amekaa pembeni, akinisahihisha kila nilipokosea mambo ya mawimbi.