Mama daktari wa Guangzhou na swali lake moja

Tangu mfungo uishe tumbo langu halikuwa langu. Leo choo kigumu, kesho naharisha, na mara mbili nikaona damu. Binti tunayefanya naye kazi ya kupakia makontena hapa Guangzhou akanishika mkono hadi hospitali ya tiba asilia ya Kichina, akanitafsiria.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Kwanza akanitazama usoni, kimya, kisha akaniambia nitoe ulimi. "Umekunywa kahawa asubuhi?" Kahawa hubadili rangi ya utando wa ulimi, ikamdanganya. Sikuwa nimekunywa. Utando wangu ulikuwa mzito, wa njano, wenye utelezi. Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, akavibonyeza kwa zamu, kidogo, kisha kwa nguvu. Halafu wa kushoto. Kwao uchunguzi una njia nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kushika. Jibu likaja: joto na unyevu vimekaa kwenye utumbo mpana.

Nilidhani ataandika mizizi na magome niende kuchemsha. Akauliza kwanza: nyumbani kuna aliyewahi kuugua utumbo?

Baba. Saratani ya utumbo mpana, aligundulika akiwa na miaka 52. Mimi nina 43.

Akaweka kalamu chini. Akasema mapigo na ulimi vinamwonyesha hali ya mwili, lakini kilichoota ndani ya utumbo havimwonyeshi. Hicho kinataka kamera. Akaniandikia kolonoskopi, kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa, ghorofa ya juu, hospitali ileile. Nawaomba ndugu zangu mnaotumia dawa hizi mlishike hilo. Vinyama vingi vya utumbo haviumi wala havitoi dalili yoyote, na vile vya aina ya adenoma vinaweza kugeuka saratani taratibu, kwa miaka. Atakayekwambia ameviona kwenye mshipa wa mkono, ondoka.

Usiku ule nilikunywa dawa ya kusafisha tumbo, unga uliokorogwa kwenye lita tatu za maji, wenye chumvichumvi, na choo sikukihama mpaka kikatoka maji matupu. Kesho yake wakaona vinyama viwili, Wachina wanaviita xirou, na rou ni nyama, kama sisi tu. Wakavikata palepale kwa kitanzi cha waya, nisisikie kitu, vikapelekwa maabara. Adenoma vyote viwili. Saratani hakuna, alhamdulillahi.

Nilirudi kwa yule mama na karatasi ya majibu. Akaisoma, akashika mkono wangu tena, ndipo akaandika dawa za tumbo. Lakini akasisitiza: ndugu zako wa damu wapimwe wakifika 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougua baba, kinachotangulia.

Nikampigia dada Tanga usiku uleule. Ana 41. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, hicho kipimo huku nakipata wapi?" Tumeanza kuulizia hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.