Udongo Mkavu Bado Hulowa

Masomo ya wiki: Yeremia 18:1–12 na 19:1–11

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kazi ya mfinyanzi inatokea mara mbili mfululizo katika kitabu cha Yeremia, nasi tumezoea kuhubiri ile ya kwanza tu. Katika sura ya 18 chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi, naye anakifanyiza tena. Katika sura ya 19 gudulia linavunjwa mbele ya wazee kwenye bonde la mwana wa Hinomu, na neno la Bwana linasema halitatengenezwa tena. Udongo ni ule ule. Kati ya sura hizo mbili umepita moto.

Huku kwetu ufinyanzi si habari ya kusimuliwa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa karibu na Matema, wanajulikana kwa vyungu vyao. Ila tumtazame zaidi anayefinyanga sanamu, kwa sababu udongo humtesa kuliko unavyomtesa mwenye vyungu. Karakana yake mara nyingi ni bustani ya nyuma ya nyumba: banda la mabati, pipa la kulowekea chini ya mparachichi, migomba inayompa majani ya kufunikia kazi mbichi, na shimo la kuchomea mbali na nyasi.

Udongo huchanganywa na vigae vilivyotwangwa, sehemu moja ya vigae kwa nne za udongo, ili unyevu upate njia ya kutoka. Punje za chokaa huondolewa kwa kuchuja. Ikibaki moja yenye ukubwa wa mchele, sanamu itatoka motoni ikiwa nzima, kisha baada ya siku kadhaa punje ile itafyonza unyevu wa hewani, itavimba, na kurusha kipande cha shavu. (Mnunuzi huwa ameshafika nayo nyumbani.)

Kichwa cha mtu au cha ng'ombe huanza kikiwa kinene. Kikishika kiasi cha kutobonyea, hukatwa kwa waya, hukombwa ndani mpaka ukuta ubaki sentimita 1 hadi 1.5, kisha kingo hukwaruzwa, hupakwa uji wa udongo na kuunganishwa. Tundu dogo huachwa chini, la kupumulia. Halafu kinakuja kipindi ambacho wanafunzi wengi hukiharibu: kukausha. Masikio, pua na vidole hukauka kwanza, vikajivuta, na shingo ikiwa bado mbichi ufa hutokea hapo hapo penye maungio. Kwa hiyo sehemu nyembamba huvikwa kitambaa chenye unyevu, na kazi nzima hukaa kivulini chini ya nailoni siku za mwanzo. Hapa nyanda za juu wiki mbili au tatu si nyingi. Makete na Njombe, mwezi Juni na Julai, kuna usiku wa barafu. Maji yaliyo ndani ya udongo yakiganda hutanuka, na asubuhi sanamu inamomonyoka ukiigusa. Hulazwa jikoni.

Ili kujua kama imekauka, iweke shavuni. Ukisikia ubaridi, bado ina maji. Anayeitia motoni hivyo hivyo atasikia mlipuko, maana maji yaliyonaswa hugeuka mvuke na kutafuta mlango kwa nguvu. Hata ile iliyokauka huanziwa na moto mdogo wa pembeni kabla ya kuongezwa kuni au pumba za mpunga. Joto likipita nyuzi 600 hivi, hata maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huwa yameondoka. Hapo haurudi kuwa tope, uuloweke mwaka mzima.

Kabla ya hapo, hata ule mkavu kama jiwe hurudi. Tena hurudi upesi kuliko uliokauka nusu! Uvunje vipande vya ukubwa wa kidole gumba, uutie kwenye ndoo, maji yaufunike, na usikoroge. Vinyweleo vyake viko wazi, maji huingia kwa kasi, hewa hutoka kwa mapovu, na asubuhi umelegea wote. Uliokauka nusu vinyweleo vyake vimeshajaa maji. Hauna kiu, nao hubaki mabonge siku nyingi.

Ndiyo maana tunakosea tunaposema juu ya mtu aliyeacha ibada miaka mingi, anayejibu kwa maneno makavu, kwamba huyo ameshachomwa. Ukavu haujawa moto. Na hukumu ya sura ya 19 haikushuka ghafla: katika 18:11 watu waliitwa wageuke, na katika 18:12 wakajibu wenyewe kwamba hakuna matumaini, watafuata mawazo yao. Aliyetamka kwamba imekwisha hakuwa Mungu.

Wa kuhofiwa zaidi pengine ni sisi tuliokauka nusu: tunaohudhuria kila Jumapili, tuna nafasi kwenye kamati, tuna unyevu wa kutosha tusisikie kiu. Laodikia walijiona hawana haja ya kitu (Ufunuo 3:17).

Kwa wanaokwenda kuwatembelea waliokauka wiki hii, ile kanuni ya ndoo inawahusu. Anayekoroga mapema hupata uji wenye mabonge. Kaeni nao, ombeni kama wakiruhusu, msianze na hesabu ya ibada walizokosa wala sadaka ambazo hawakutoa. Na vikundi vya nyumba kwa nyumba vikikutana, visome sura zote mbili kwa mfululizo, na mstari ule wa 18:12 usirukwe.