Nduma zitazoea

"Nduma zitazoea, mwalimu." Basi. Shosho wa ng'ambo ya ua aliyasema hayo Jumanne huku akifunga leso yake upya, akashika njia akaenda. Wageni wa binti yetu wamekuja na mbuzi wao wakarudi, barua yangu ya uhamisho imefika, lakini nikikaa kunywa chai nasikia hilo hilo: zitazoea.

Aliyasema kwa sababu ya bwawa letu la shambani, lile mnalolijua. Nimelalamika hapa tangu Januari kuhusu ile paipu ya inchi 6 inayotoa maji yakizidi. Paipu yenyewe haikuwa na ufa. Maji yalijitafutia njia nje yake, kati ya plastiki na udongo, yakawa yanatokea chini ya tuta, upande wa Shosho. Yalipokuwa yakitoka safi hakuna aliyehangaika. Kisha yakaanza kutoka na tope. Fundi aliyachota kwa kikombe, akakiweka juu ya jiwe, tukangoja. Yalipotulia akanionyesha udongo uliobaki chini. "Hili ni tuta lako, mwalimu. Linaondoka kidogo kidogo."

Mtu wa Nakuru hahitaji kuambiwa zaidi. Solai, Mei 2018, bwawa la shamba lilibomoka usiku na watu zaidi ya 40 wakafa. Letu ni dogo, ndiyo, lakini nyumba ya Shosho iko chini yake.

Tukapunguza maji kwa mpira, tukafukua paipu, tukaizungushia kola mbili za zege ili maji yakijaribu kuifuata yakute ukuta. Kilichotuchosha ni kurudisha udongo. Fundi alikataa murram katakata, akataka mfinyanzi, tabaka moja baada ya nyingine, kila moja ishindiliwe kabla ya kumwaga nyingine. Alikuwa akifinya donge kiganjani: likivunjika kama unga, ongeza maji, likinata vidoleni, subiri likauke. Mti wa mukima uliokuwa umeota juu ya tuta tuliung'oa na mizizi, maana mizizi ikioza huacha mashimo. Pembeni, kwenye ardhi ambayo haijawahi kuguswa, tukachimba mkondo mpana, chini kuliko kilele cha tuta, tukaupanda nyasi. Mvua ikiishinda paipu, maji yapite huko, yasiruke tuta.

Shosho alikuja tukimalizia.

"Kwa hivyo hayatakuja tena kwangu?"

"Hayaji, Shosho. Tumeziba kabisa." Nikasema kwa majivuno, kifua mbele.

Akageuka kuangalia kwake. Nami nikaangalia. Pale maji yalipokuwa yakitokea, nduma zimesimama majani mapana, kijani cha kung'aa, wakati mahindi ya kila mtu yamejikunja kwa jua. Ndipo akasema alichosema. Alicheka? Nadhani alitabasamu. Au alikuwa anakaza macho tu kwa jua.

Ningemjibu nini? Kwamba nimemwokoa? Si ndiye aliyekuwa akilala chini ya lile tope?

Alhamisi usiku mvua ikashuka, ile ya kutoboa mabati. Nikavaa gambuti, nikachukua tochi. Jamani! Paipu ilikuwa ikimwaga maji safi, ya kujaa mdomo wake wote, na chini ya tuta nilipapasa kwa mkono, kukavu isipokuwa mvua. Nikasimama pale nikicheka peke yangu hadi mama watoto akaniita niingie nisije nikaugua. Nikamwambia asubuhi nitavuta mpira hadi kwenye zile nduma, nifunge na koki, Shosho afungue mwenyewe anapotaka.

"Funga," akasema. "Halafu akikushukuru pia ukose usingizi."

Mpira nimenunua. Koki bado. Na yule ng'ombe mweusi anakohoa tangu juzi, hali chakula vizuri, daktari wa mifugo hashiki simu, na maziwa yake ndiyo karo ya kitinda mimba muhula huu.