Nilivyolichunga tundu la taya

Ukivimba shavu bila maumivu, usimruhusu mtu akung'oe jino kabla hujapigwa picha ya taya lote. Mimi kliniki moja ya meno iliniondolea gego zuri kabisa, kwa hoja kwamba "usaha uko chini yake." Usaha haukutoka hata tone, uvimbe ukabaki palepale, na dawa za elfu mbili na kitu nikameza mpaka zikaisha.

Baada ya hapo kila aliyepita karakana yangu hapa Amu, kisiwani Lamu, akageuka daktari. Karafuu, habasoda, kanda kwa chumvi ya moto. Ami yangu alinishika kidevu akasema, "Mwanangu, kisichouma si ugonjwa." Kumbe vifuko vya maji vya taya, kama hicho nilichokuwa nacho, ndivyo vilivyo: vinakula mfupa kimyakimya, na aghalabu huuma pale tu vinapoingia vijidudu.

Nikavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, nikapanda basi la Mombasa. Eksirei yenyewe unang'ata kijiti, mashine inakuzunguka kichwa, nililipa kama elfu tatu. Pembeni mwa taya la kulia palikuwa na doa jeusi lenye ukingo mweupe, na ndani yake gego la mwisho limelala, halijapata kuota maisha yake yote. Kifuko kimelifunika kichwa. Mimi ni mchonga milango, nimeshapiga patasi mbao inayong'aa nje nikakuta mchwa wamemaliza ndani. Taya langu ndilo hilo.

Daktari bingwa wa kinywa na taya hakukimbilia kisu. Aligusa meno ya jirani kwa pamba yenye baridi kali, na kila moja likanirusha kwenye kiti. Yako hai, akasema, kwa hiyo kifuko hiki hakikutokana na jino lililokufa. Akabonyeza fizi, mfupa ukalia krr, umebaki mwembamba mno. Akachoma sindano, akavuta maji ya manjano yenye vimeta vikielea. Halafu akakata kipande cha ukuta wa kifuko kiende maabara, maana kwa picha peke yake kinaweza kufanana na ameloblastoma, uvimbe wa taya ambao mara nyingi hutaka kukatwa mfupa, au keratosisti, kifuko cha aina nyingine ambacho hupenda kurudi. Kungoja majibu kulinikondesha kuliko uvimbe.

Yakaja: kifuko cha jino lisiloota, si saratani. Kwa kuwa ni kikubwa na mshipa wa fahamu wa mdomo umepita chini yake, alitoboa dirisha kwenye fizi akaliacha wazi, kifuko kisinyae na mfupa ujijaze. Si jambo geni. Mjerumani Carl Partsch aliieleza njia hiyo mwaka 1892.

Hapa niacheni nijisifu. Tundu lile linataka kuoshwa kila baada ya kula, miezi na miezi. Nilipewa bomba la sindano lenye ncha butu iliyopinda, nikaambiwa "osha vizuri." Wali wa nazi hauoshwi vizuri! Punje inajibana ukutani, maji yanapita kando, kesho yake kinywa kinanuka. Nikasukutua kwa nguvu, shashi ya dawa niliyowekewa tunduni ikachomoka nzima ikaanguka kwenye beseni. Ukaidi ndio uliotoa jawabu: kioo cha kunyolea, tochi ya kichwani ninayofanyia kazi, ncha iingie mpaka chini kabisa, kisha maji ya chumvi ya vuguvugu yasukumwe taratibu umeinamia beseni. Uchafu unapandishwa na maji kutoka chini. Nilitoa kipande cha pilipili ambacho sijui nilikila lini; mke wangu aliyekuja kutazama akatoka mbio. Ramadhani niliosha baada ya futari na baada ya daku.

Picha iliyofuata ilionyesha weusi umepungua na mfupa mpya umeukinga mshipa. Ndipo nikalazwa kwa nusu kaputi, kikatolewa kilichobaki pamoja na gego lake. Mdomo wa chini ulikufa ganzi majuma mengi, ndevu nikanyoa kwa kukisia. Bima ililipa sehemu ya hospitali. Boti, basi na chumba cha kulala Mombasa nilijilipia, na vikijumlishwa havikuwa mbali na bili yenyewe. Daktari anataka eksirei kila mwaka kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nauli ya mwakani nimeshaitenga.