Nilivyofuatilia hela za ulemavu mpaka nikaelewa ipi inakaa na ipi

Mwaka 2022 nilikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Nilikuwa nachomelea kwenye karakana moja huku Kizota, nondo zilikuwa zimepangwa kwenye stendi, stendi ikaachia, basi. Hapo sina mengi, hata mimi nakumbuka vipande tu.

Ninachotaka kusimulia ni yaliyofuata, maana mpaka leo watu wananiuliza "wewe si unalipwa na serikali?" kama vile hapa Dodoma kuna dirisha limeandikwa ULEMAVU, unapanga foleni unachukua chako unaondoka. Hamna. Huku bara hakuna posho moja ya kila mwenye ulemavu, kuna vitu viko huku na huku, kila ofisi ina swali lake na aliyekaa ofisi hii hana habari na ya pili.

Bosi alikuja hospitali siku ya tano na bahasha, laki tano ndani, akasema tuyamalize kiutu uzima. Nusura nichukue jamani, mke ana mimba, kodi imefika. Shemeji yangu ndo akaniuliza "saini ya nini hiyo karatasi?" nikarudisha bahasha. Yeye ndo alinitajia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mimi nilikuwa sijawahi kuusikia na sababu ni rahisi, haukati mshahara wako hata senti, anayechangia ni mwajiri peke yake, sasa utaujuaje wakati kwenye makato yako haumo? Ulianza 2015. Ukiumia kazini unagharamia matibabu, na ule muda umelala hufanyi kazi unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ukishapona unapimwa ulemavu uliobaki. Ukipata asilimia 30 kushuka chini unapewa mkupuo mara moja, ukizidi 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Mimi nilizidi.

Siku ya kupimwa daktari alichukua futi ya kamba kama ya fundi cherehani, akapima kutoka gotini mpaka mguu unapoishia, akaandika, akapima tena. Nikawa najisemea yaani hizo sentimita ndo mshahara wangu.

Ila kufika hapo tulihangaika. Ajali inatakiwa iripotiwe ndani ya miezi 12 na bosi alikuwa ananizungusha, mara fomu iko kwa mhasibu, mara mhasibu kasafiri, mwezi wa nne tangu ajali tukaona huyu anataka muda uishe, tukapeleka taarifa wenyewe. Halafu likaja la mshahara. Nilikuwa nalipwa 420,000 kwa simu, ila nilipoenda kuchukua taarifa ya michango yangu NSSF, ule mfuko wa pensheni ya uzeeni, nikakuta ananichangia kama mtu wa 250,000! Ile asilimia 70 ya WCF kwa laki mbili na nusu ni 175,000, kwa 420,000 ni 294,000, piga hesabu mwenyewe. Kilichoniokoa ni meseji, nilikuwa sifutagi meseji za kupokea hela, mke wangu alikuwa ananicheka. Nilizipeleka zote zimeprintiwa, bosi akaitwa, akarekebisha. Kwa hiyo wewe unayesoma na bado una miguu yote miwili, nenda kaangalie unachangiwa kwa mshahara gani.

Nikaona nikiwa hapohapo NSSF niulizie na pensheni ya ulemavu. Kwenye michango nilikuwa nimefuzu, wanataka miezi 180, au angalau 36 mradi 12 iwe ya mfululizo kabla hujaumia. Kilichonitoa ni swali lao. WCF wanauliza umepoteza kiasi gani kazini, NSSF wanauliza umebaki na uwezo wa kujipatia kipato au hauna, lazima uwe umepoteza theluthi mbili, na mimi mikono ipo nachomelea nimekaa. Niliumia kidogo ila nikawaelewa. Michango haijapotea, inasubiri uzee.

Sasa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mama yangu yuko kijijini Chamwino, alikuwa anapata ruzuku yao ya kaya maskini. Jirani yangu mmoja akanishauri nijiandikishe kwa mama, "kaya yenye mlemavu inaongezewa, utakula huku na huku". Nikamfuata afisa ustawi wa jamii, mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa, usisimame na huo mguu."

Nikamweleza. Akaniuliza swali moja tu: "Usiku unalala wapi?" Nikasema Nkuhungu na mke wangu. "Basi kaya yako iko Nkuhungu. TASAF inaangalia chungu kimoja. Ukijipeleka kwa mama yako na hiyo pensheni yako, wakija kuhakiki utamtoa yeye." Nikanyamaza. Kumbe ile hela ningekuwa namnyang'anya mama. Na hata hivyo kuingia kule siyo siku yoyote unayojisikia, majina yanapitishwa mkutano wa kijiji kwanza.

Yeye ndo akaniambia kinachokaa vizuri na pensheni yangu ni mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili sisi. Hauna riba, na pale hawaulizi kama unalipwa kwingine, wanauliza una ulemavu na una biashara gani. Tatizo nilienda 2023, nikakuta imesimamishwa nchi nzima tangu Aprili, ikarudi 2024. Tulikuwa kikundi cha watatu, tukaandika katiba na andiko kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, andiko la kwanza likarudishwa kwa sababu tuliandika "biashara mbalimbali", la pili tukaandika mashine ya kuchomelea, bei yake na tutarudisha shilingi ngapi kwa mwezi, likapita. Ni mkopo lakini, siyo zawadi, kuna wenzetu wanasahau hapo.

Watoto nao niliwaweka CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, wakati ule ilikuwa 30,000 kwa mwaka watu sita. Hiyo haikunisumbua.

Karatasi zilikuwa zilezile kila mahali: ripoti ya daktari, kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji. Nilitoa kopi ishirini siku moja nikaweka kwenye bahasha ya kaki, mpaka leo iko juu ya kabati.

Wiki iliyopita kaja dogo mmoja kwenye karakana yetu, vidole vitatu hana, mashine ya kukata. Bosi wake alimpa laki mbili akamwambia apumzike nyumbani. Nikamuuliza ni lini, akahesabu kwa mkono uliobaki mzima: miezi kumi. Jumatatu naenda naye.