Fujo ya kemikali imenikosesha usingizi

Jana usiku hapa Mji wa Kale sikulala wallahi, nilikuwa nasoma vile wanasayansi kule Berlin, 2001, walivyotuliza fujo ya kemikali juu ya kipande cha platinamu, ile metali. Yaani gesi mbili, kaboni monoksaidi na oksijeni, zikikutana pale zinachora mawimbi, yanajizungusha, yanavunjika, hayana mpangilio kabisa. Sasa wao wanaangalia uso mzima wa hiyo platinamu kwa darubini ya elektroni, wanapima mwangaza wa wastani, halafu kipimo hichohicho ndo kinaamua kaboni monoksaidi iongezwe ama ipunguzwe, kwa kuchelewa kidogo, basi fujo ikaisha uso wote ukawa unapiga pamoja kama moyo! Asubuhi nikamweleza mamangu akichoma mahamri, akanambia mbona hata mimi naangalia mafuta ndo nashusha moto. Ndivyo hasa mama!